Faini ya Bwana Rattray

Kwa miaka thelathini na tisa Clive Rattray alipiga kura kwa sababu moja tu: hakutaka faini. Kwetu asiyepiga kura huandikiwa barua na Tume ya Uchaguzi akaulizwa sababu, na sababu yake isipokubaliwa, hulipa. Clive, dereva wa greda wa halmashauri ya Corrambeen, hakuwa mtu wa kubishana na barua. Jumamosi ya uchaguzi alivaa shati safi, akampakia mkewe Noeleen kwenye gari, wakaenda kupanga foleni shule ya msingi. Kwetu mpiga kura huwapanga wagombea wote kwa namba, kuanzia anayemtaka hadi asiyetaka hata kumwona. Clive aliandika moja kwa jina la juu, mbili kwa linalofuata, hivyo hivyo mpaka chini, bila kusoma hata jina moja. Kisha walinunua soseji kwenye mkate kutoka kwa wazazi wa wanafunzi, ya kwake na vitunguu, ya Noeleen bila, wakala wamesimama kivulini. Ungemuuliza nani alishinda mwaka fulani, asingejua. Ungemuuliza ni mwaka gani soseji zilitoka mbichi, angekutajia na jina la mpishi.

Noeleen aliipenda siku hiyo kuliko mumewe. Alivaa gauni lake la maua ya bluu na kupaka rangi ya mdomo. "Ndiyo siku pekee serikali inaniuliza maoni yangu," alisema. "Siwezi kwenda na sura ya kufulia." Ofisi za kupiga kura mapema zilikuwa zinafunguliwa wiki mbili kabla, na nusu ya mji ilimaliza kazi huko. Wao hawakuwahi. Walikwenda pamoja, siku yenyewe, wakala soseji zao, wakarudi nyumbani.

Halafu figo za Noeleen zikakoma kufanya kazi. Hospitali ya Corrambeen ilikuwa na mashine nne za kusafisha damu, na Jumanne, Alhamisi na Jumamosi Noeleen alilala kwenye mojawapo saa nne nzima. Clive alimpeleka na kumchukua. Walikuwa wameshayazoea maisha hayo, mpaka mwezi wa nne karatasi ilipobandikwa mlangoni mwa wodi: mashine zote zingehamishiwa mji mkubwa wa pwani, kilomita mia moja na sitini, baada ya mwaka mpya, ili kuboresha huduma.

"Kuboresha," Noeleen alisema usiku ule mezani, akikata nyama vipande vidogo. "Saa mbili kwenda, saa nne mashineni, saa mbili kurudi nikitapika kwenye ndoo. Mara tatu kwa wiki. Nashukuru sana."

"Nitakuendesha."

"Najua utaniendesha. Siendi." Aliweka kisu chini. "Nakwambia sasa hivi ili usije ukasema hukuambiwa. Wakizihamisha, mimi naacha. Nitakaa kwenye veranda yangu, niangalie ndege mpaka basi."

Clive alimtazama aone kama ni utani. Miaka yote aliyokaa na mwanamke huyu alijua anapotania hushika sikio. Safari hii mikono yote miwili ilikuwa juu ya meza.

*

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda ofisi ya mbunge. Mbunge wa Corrambeen alikuwa Warrick Penhallow wa chama cha Wabluu, waliokuwa pia ndio serikali. Penhallow hakuwepo. Alikuwepo msaidizi wake, binti mmoja mpole aliyeitwa Tamsin, aliyemsikiliza Clive hadi mwisho, akaandika kila kitu kwenye daftari, akampa chai.

"Pole sana, Bwana Rattray. Kwa kweli inasikitisha."

"Sasa atafanya nini?"

Tamsin alitazama mlango. Nadhani alikuwa bado mgeni wa kazi ile, maana alisema ukweli. "Kule Wandella walitaka kufunga wodi ya wazazi mwaka jana, si unakumbuka? Haikufungwa. Wamejengewa mpya. Wandella tulishinda kwa kura mia mbili. Hapa tulishinda kwa elfu tisa. Hapa ni ngome yetu, mzee wangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna anayekosa usingizi kwa ajili ya Corrambeen."

Kisha akamkabidhi sumaku ya kubandika kwenye friji, yenye picha ya Penhallow akitabasamu na ratiba ya gari la taka. Clive akatoka nayo mkononi. Mtu mzima, mlipa kodi, amekwenda kuombea uhai wa mkewe, anarudi na ratiba ya taka. Lakini kilichomkera zaidi si sumaku. Ni kwamba alianza kuhesabu kichwani: ile namba moja yake ya juu, mara ngapi ilimwangukia Penhallow kwa kuwa tu jina lake limekaa juu? Angalau mara mbili. Katika zile elfu tisa na yeye yumo.

*

Ndivyo ugonjwa ulivyoanza. Mtu ambaye hakuwahi kusoma gazeti zaidi ya kurasa za kriketi alianza kukopa matokeo ya chaguzi za nyuma maktaba. Akabandika ukutani jikoni chati ya majimbo yote, ngome upande huu, yanayoyumba upande ule, Corrambeen likiwa mwisho kabisa karibu na swichi ya taa. Alijua sasa kwamba kura ya mgombea anayetoka mapema haifi. Inahamia kwa yule aliyepewa namba mbili, na akitoka huyo inahamia kwa wa tatu. Alilijua hilo na akataka kila mtu alijue. Alimweleza muuza nyama. Alimweleza mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

"Elfu nne tu zikigeuka," alimwambia Noeleen, kijiko cha supu hewani, "hatuna hata haja ya kushinda. Jimbo liyumbe tu. Likiyumba, watatuogopa."

"Supu inapoa."

"Na wale wa chama cha kijani wakituwekea namba mbili..."

"Clive. Nilikuwa nakupenda ulipokuwa unaongelea kriketi. Na kriketi nilikuwa siipendi."

Lakini alishika sikio aliposema hivyo, na Clive alifurahi kuliona.

Alijiunga na chama cha Wekundu kwa kuwa ndicho pekee kilichoweza kuwatisha Wabluu. Mkutano wa tawi ulifanyika chumba cha nyuma cha maktaba. Walikuwa watu saba, wa nane yeye. Katibu, Thelma Odgers, aliyestaafu posta akiwa na sabini na sasa ana themanini, alisoma kumbukumbu za mkutano uliopita kwa sauti ya kutangaza treni. Wakajadili nyangumi dakika arobaini. Corrambeen iko mbali na bahari, lakini wale saba walikuwa na msimamo mkali juu ya nyangumi. Clive alipopata nafasi ya kusema habari ya mashine za hospitali, Thelma alimwuliza kama anatoa hoja rasmi au anaongea tu.

"Naongea tu."

"Basi ngoja mwezi ujao, ndugu, ulete kwa maandishi."

Mwezi uliofuata alileta kwa maandishi. Pia mwezi huo mwenyekiti alihamia kwa binti yake, na hakuna aliyetaka nafasi, wote wakatazama meza. Clive akawa mwenyekiti. Alirudi nyumbani akiwa amenyooka mgongo.

"Mwenyekiti wa watu sita," Noeleen alisema. "Nikuamkie shikamoo au nipige goti kabisa?"

"Saba. Na mimi nahesabiwa."

*

Tawi lilimtaka muuguzi mmoja wa pale pale agombee. Makao makuu yakamshukuru muuguzi kwa barua, yakamleta Julian Tabone kutoka mji mkuu, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye viatu vipya vya shamba. Clive alimpeleka hospitali akamwonyesha zile mashine. Julian alizitazama kwa heshima kama mtu aliyeletwa makaburini.

"Tutakaa na wataalamu, tupitie upya suala zima," alisema.

"Kupitia upya ni kuzibakisha?"

"Ni kupitia upya, Clive."

Noeleen alisikia kutoka kitandani kwake, mirija ikiwa mkononi. Julian alipotoka alisema, "Huyu na karatasi ya mlangoni wameandikwa na mtu mmoja."

Clive akamtetea. Hilo ndilo lililokuwa limemtokea bila yeye kujijua: alianza kuwatetea. Makao makuu walipotuma vipeperushi vya kumwelekeza mpiga kura namna ya kupanga namba, na namba mbili wamepewa wale wa chama cha wenye bunduki, watu ambao Clive asingewaachia hata mbwa wake, alinung'unika siku mbili. Siku ya tatu alikuwa akimweleza Thelma kwamba kihesabu ni uamuzi wa busara.

Na akaanza kuchelewa. Alhamisi moja alimchukua Noeleen robo saa baadaye, kwa sababu alikuwa anaingiza vipeperushi kwenye masanduku ya barua ya mtaa wa juu. Jumanne moja, nusu saa. Noeleen akitoka mashineni miguu haikuwa na nguvu. Alimngojea ukumbi wa mbele kwenye kiti cha magurudumu, mkoba mapajani, akijibu kila muuguzi apitaye kwamba anakuja, yuko njiani.

"Najua nimechelewa," Clive alisema Jumanne ile, akimfunga mkanda. "Lakini ni kwa ajili yako."

"Ndiyo," Noeleen alisema. "Inanifikia kwa mbali."

*

Uchaguzi ukawa Jumamosi, mwezi wa kumi na moja, siku ya mashine. Thelma aliwataka wote wa tawi wapige kura mapema ili siku yenyewe wawe huru.

"Mimi na Noeleen tunapiga pamoja, siku yenyewe," Clive alisema. "Hatujawahi kukosa."

"Utakuwa na shughuli nyingi, mwenyekiti."

"Anatoka mashineni saa tisa. Saa tisa na nusu namchukua, tunapiga, tunakula soseji, narudi langoni. Nimeshapanga."

Na kweli alikuwa amepanga. Alikuwa na orodha ya wazee ishirini na watatu wasio na usafiri, kila mmoja na saa yake na dereva wake. Noeleen hakuwemo kwenye orodha. Huyo namchukua mwenyewe, alisema, wa nini kumwandika?

Alimshusha hospitali asubuhi. Noeleen alikuwa amevaa gauni la maua ya bluu, mkono mmoja ukiwa wazi kwa ajili ya sindano. Alifungua mkoba akamwonyesha rangi ya mdomo. "Nitapaka nikimaliza," alisema. "Saa tisa na nusu, bwana mwenyekiti."

"Saa tisa na nusu, mpenzi."

Langoni mwa shule kulikuwa kama sherehe. Kamba za bendera, watoto, moshi wa vitunguu. Wapambe wa vyama walisimama nje ya mstari wa chokaa, mita sita kutoka mlangoni, kila mmoja akimsukumia mpiga kura kipeperushi chake. Upande wa Wabluu alisimama Garth Tilbrook, mfuga ng'ombe aliyewahi kucheza kriketi na Clive timu moja miaka kumi. Walitukanana kwa furaha siku nzima, wakipakana mafuta ya kukinga jua shingoni.

"Mwambie shemeji aje kwetu, tunampa soseji mbili."

"Shemeji yako anaifahamu akili yako, Garth. Mpe soseji ng'ombe wako."

Watu walikuwa wakichukua karatasi za Clive. Hilo hakuwahi kuliona. Watu wa Corrambeen, waliozaliwa Wabluu na waliotarajiwa kuzikwa Wabluu, walichukua kipeperushi chekundu, wakakunja, wakamkonyeza. Mwanamume mmoja alisema, "Kwa ajili ya mashine, Clive," akampiga bega. Simu yake ilikuwa inaita ita, makao makuu wakitaka taarifa kila nusu saa. Akaizima, akaitupa ndani ya gari ili afanye kazi. Saa nane mzee mmoja wa kwenye orodha alipotea, wakamtafuta, wakamkuta baa. Saa tisa vipeperushi vilikwisha na Thelma akaenda kuleta vingine. Saa tisa na nusu Julian Tabone alifika na mpiga picha, Clive akasimama kando yake akitabasamu. Saa kumi foleni ilikuwa ndefu. Saa kumi na moja alikula soseji yake ya tatu, na vitunguu.

Saa kumi na mbili kamili, jua la kiangazi likiwa bado kali, milango ikafungwa. Clive alivua fulana nyekundu, akavaa beji ya wakala wa chama, akaingia kushuhudia kuhesabu. Ndani, mezani kwenye daftari la wapiga kura, alikaa Bi Pham, mwalimu wa darasa la tatu, ambaye kila uchaguzi hupewa herufi za mwisho. Alikuwa anafunga rula na kalamu zake.

"Clive," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nawangoja nyie."

"Sisi?"

Bi Pham aligeuza daftari likamwelekea. Kwenye ukurasa wa R karibu kila jina lilikuwa limepigwa mstari. Rattray, Clive Edward, halikupigwa. Chini yake, Rattray, Noeleen Joy, halikupigwa.

Wale waliokuwepo wanasema alitamka neno moja ambalo halifai shuleni, akakimbia, beji ikipiga kifuani.

*

Noeleen alikuwa ukumbi wa mbele wa hospitali kwenye kiti cha magurudumu, mkoba mapajani. Rangi ya mdomo ilikuwa imepakwa vizuri. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo.

Clive alisimama mbele yake.

"Tumeshinda?" Noeleen aliuliza.

"Noeleen, mimi..."

"Nilipiga simu mara sita. Dada wa zamu alitaka kunipeleka kwa gari lake, mara mbili aliniomba. Nikamwambia hapana, mume wangu anakuja, sisi tunapiga pamoja." Sauti yake haikupanda. "Kuna mzee aliletwa hapa kufunga kidonda, na dereva wenu akaja kumchukua akapige kura. Ana orodha mkononi. Nikamwuliza, mimi nimo? Akaangalia mbele na nyuma. Akasema, samahani mama, humo."

Clive alipiga magoti pale sakafuni, mbele ya wauguzi na mashine ya soda. Alilia, mtu mzima. Noeleen alimwacha alie kidogo. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi laini, kwanza akajifuta mwenyewe rangi ya mdomo, halafu akampa.

"Nipeleke nyumbani," alisema. "Na usininunulie soseji."

*

Kuhesabu kulichukua siku kumi na moja. Elfu tisa ya Penhallow iliyeyuka. Kura za kijani zikahamia, za wale wa bunduki zikahamia, zikahesabiwa mara ya pili huku mawakili wamesimama juu ya meza kama kunguru. Wabluu walirudi serikalini kwa tofauti ya viti vinne nchi nzima. Na Corrambeen, Warrick Penhallow alitangazwa mshindi kwa kura moja.

Moja. Baa, kanisani, kwa muuza nyama, watu hawakuwa na neno jingine. Clive alilala chali usiku akitazama dari. Moja ya kwake ingeleta sare. Na ya Noeleen juu yake ingekuwa ushindi. Hakuhitaji chati kulijua hilo.

Mkutano wa tawi safari hii ulijaza chumba. Watu thelathini na sita, wengine wamesimama. Thelma Odgers aligonga meza kwa kiganja.

"Kura mbili!" alisema. "Mbili tu! Daftari linasema mji huu watu mia na kumi hawakwenda kupiga kura. Wavivu mia na kumi! Mimi nataka wawili tu kati ya hao. Niwatazame usoni. Niwaulize, mlikuwa mnafanya nini cha maana kiasi hicho?"

Watu wakapiga makofi. Mtu akatoa hoja rasmi, kwa maandishi, kulaani uzembe wa wasiopiga kura wa Corrambeen. Ikaungwa mkono. Macho yakamgeukia mwenyekiti. Bi Pham hakuwepo. Makarani wa Tume huapa kutunza siri, naye alitunza.

"Wanaoafiki?" Clive alisema. Mikono thelathini na mitano ikapanda. Akapandisha na wa kwake. Kwenye kumbukumbu za tawi imeandikwa kwamba hoja ilipita bila kupingwa, na kwamba mwenyekiti alionekana kuguswa sana.

*

Mwezi wa pili Warrick Penhallow alifika hospitali ya Corrambeen mwenyewe. Alikuja na waziri na utepe. Kumbe mashine hazihami. Kumbe hazikuwahi hata kupangiwa kuhama, kulikuwa na kutoelewana katika mawasiliano, na serikali inayoijali Corrambeen ilikuwa inaongeza mbili, jumla sita. Tamsin alisimama nyuma ameshika mkasi. Alipomwona Clive aliinamisha kichwa haraka.

Penhallow alizunguka akishika mikono. Alishika na ya Clive, kwa mikono yake yote miwili. "Bwana Rattray. Nasikia ulinipa kazi kweli kweli."

"Nilijitahidi."

"Kura moja tu ilikupungukia, mzee."

"Ndivyo wanavyosema," Clive alijibu.

Noeleen alikuwa kwenye mashine mpya, ya dirishani. Waliondoka wakubwa, ukabaki utepe sakafuni. Alimwita mumewe kwa kidole.

"Nimepiga hesabu. Ungekumbuka, angeshinda yule kijana wa viatu."

"Ndiyo."

"Jimbo lingekuwa la upinzani. Angekaa na wataalamu wapitie upya, na hawa wasingetuletea hata bendeji." Aligeuza macho kwenye mashine, ilivyokuwa ikiguruma taratibu na damu yake. "Kwa hiyo niko hai kwa sababu ulinisahau."

Clive hakujua afurahi au aombe radhi tena. Alikuwa ameshaomba radhi kila siku tangu mwezi wa kumi na moja. Alitazama mkono wa mkewe. Ulikuwa juu ya shuka, hausogei.

"Usiniombe radhi," Noeleen alisema. "Na usijisifu."

*

Barua za Tume zilikuwa zimefika wiki ile ile, bahasha mbili zinazofanana, moja ya kila mmoja. Kumbukumbu zetu zinaonyesha hukupiga kura. Tafadhali eleza sababu. Palikuwa na mistari minne ya kuandikia. Waliketi jikoni, mahali palipokuwa na chati, kila mmoja na kalamu yake. Clive alifikiri muda mrefu, akaandika ukweli: *Nilikuwa na shughuli nyingi za uchaguzi.* Noeleen aliandika bila kufikiri, akafunga bahasha kabla Clive hajasoma.

Majibu yalichukua wiki tatu. Noeleen alifungua ya kwake kwanza. Sababu yake ilikuwa imekubaliwa, hakuna faini, Tume ilimtakia afya njema.

"Uliandika nini?" Clive aliuliza.

"Nilikuwa namngoja mume wangu."

Clive akafungua ya kwake. Sababu haikukubaliwa. Hata aisome mara ngapi, ilisema hivyo hivyo, na chini yake kiasi na tarehe ya mwisho. Noeleen aliichukua mkononi mwake, akaisoma, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka hivyo tangu uchaguzi, alijishika mbavu, akashika meza, na katikati ya kucheka mkono wake ukapanda ukashika sikio. Kisha akainuka, akaibandika faini kwenye friji chini ya uso wa Warrick Penhallow, pembeni ya ratiba ya taka.

"Saa tisa," alisema. "Kesho. Si na nusu."

"Saa nane na nusu nitakuwa pale."

Na alikuwa pale saa nane. Alingoja ukumbi wa mbele, kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya soda, akijibu kila muuguzi apitaye kwamba anamngojea mkewe. Faini alikuwa ameshailipa asubuhi. Hakuwa mtu wa kubishana na barua.